Umeme ukikatika namtaja Ethel Merman

Nafundisha sauti hapa Bagamoyo, vijana wa maigizo na wachache wa taarabu. Kila muhula ipo siku umeme unakatika mazoezi yakiwa yamenoga. Maiki inazima, na binti aliyekuwa akitikisa ukumbi anasikika kama kafunikwa mto. Hapo ndipo huwa namtaja Ethel Merman, mwimbaji wa tamthilia za muziki wa Marekani, aliyesikika hadi kiti cha mwisho bila maiki.

Alizaliwa New York mwaka 1908, jina la ukoo likiwa Zimmermann. Kichwa cha jina alikikata mwenyewe. Uimbaji hakusomea. Alisomea hati mkato na taipu, akawa karani mchana, mwimbaji usiku. Oktoba 1930, akiwa na miaka 22, akapewa nafasi katika Girl Crazy, tamthilia ya muziki ya George Gershwin, na wala si ya mhusika mkuu. Alipofika kiitikio cha pili cha "I Got Rhythm" aliachana na maneno, akaing'ang'ania noti moja kwa hatua 16 za muziki huku okestra ikiendelea chini yake. Kuanzia usiku ule akawa nyota. Inasimuliwa kwamba Gershwin alimwonya asimsogelee kabisa mwalimu wa sauti. Mimi kwa kazi yangu, neno hilo nalimeza kwa shida.

Wanafunzi wakisikia kisa hicho wanaanza kushindana pumzi hadi mishipa ya shingo inawasimama. Siri haikuwa mapafu. Sikiliza rekodi zake: anaimba kwa sauti ya kifua, ile tunayomwitia mtu aliye ng'ambo ya barabara, na anaipandisha hadi pale ambapo wengi wetu tungekimbilia sauti ya kichwa, ile nyembamba ya juu. Mlio anauweka mbele, kwenye mashavu na mifupa ya pua, koo limelegea. Nenda kamsikilize dalali wa samaki pwani wakati wa mnada. Ananadi asubuhi nzima, wala hakohoi.

La pili ni matamshi. Mtunzi Irving Berlin alikuwa akisema ukimwandikia Merman hakikisha maneno ni mazuri, maana mtu wa kiti cha mwisho kule juu ataisikia kila silabi. Maneno mengi ya Kiingereza huishia kwa konsonanti, naye alizigongelea kama misumari. Sisi yetu yanaishia kwa irabu, na irabu ndiyo inayosafiri. Ajabu ni kwamba tunaila! "Nakupenda" inaondoka jukwaani nzima, inafika nyuma "nakupe".

Kazi zake nyingine nitazipitia mbiombio: Anything Goes mwaka 1934, Annie Get Your Gun ya Berlin mwaka 1946, maonyesho 1,147, Call Me Madam mwaka 1950, iliyompa Tony, tuzo ya tamthilia za jukwaani kule Marekani. Mazoezini, mistari ikibadilishwa, aliinakili kwa hati mkato. Ukarani haukupotea bure.

Mimi namweka juu zaidi katika Gypsy ya 1959, akiwa Rose, mama anayewasukuma binti zake jukwaani kwa njaa yake mwenyewe. Mama huyu tunamfahamu. Kila usaili anakaa mstari wa mbele, midomo inamcheza. Tony ya msimu ule ilikwenda kwa mwigizaji mwingine, Mary Martin, na katika filamu ya Gypsy ya 1962 nafasi ya Rose akapewa Rosalind Russell. Tamthilia nyingine, Hello, Dolly!, iliandikwa yeye akiwa ndiye anayefikiriwa, akaikataa, kisha akaja kuicheza mwaka 1970, na nyimbo mbili alizokuwa ametungiwa zikarudishwa. Alifariki Februari 1984.

Kasoro yake siwafichi vijana. Aliimba akiwatazama watazamaji, mwigizaji mwenzake akabaki anazungumza na bega. Kwenye kumbi zetu ndogo, hilo ni kumdharau mwenzio.

Basi umeme ukikatika tunatoka, tunashuka ufukweni. Mmoja anasimama mchangani na ubeti wake, mwingine anakwenda kwenye ngalawa na daftari, na upepo wa kusi unavuma katikati yao. Wa kwenye ngalawa anaandika alichosikia tu, haruhusiwi kukisia. Wiki iliyopita ubeti wa mistari minne ulirudi na maneno sita, moja likiwa "samaki", ambalo halikuwemo.