"Mwalimu, si ni kama gemu tu?"

Kila darasa jipya lazima atokee mmoja. Safari hii alikuwa kijana wa mstari wa mbele, miwani ya jua kaipandisha kichwani, tuko somo la pili na hata propela hatujagusa. "Mwalimu, wale Wamarekani wa droni za vita si wanakaa tu kwenye kiyoyozi na joistiki, kama wanacheza PlayStation? Hiyo kazi mimi naiweza." Darasa likacheka. Sentensi hiyo nimeisikia karibu neno kwa neno tangu nilipoacha kurusha ndege ndogo, Cessna Caravan, nikaanza kufundisha droni za upimaji na za kunyunyizia mashamba. Nimechoka kuijibu kwa mdomo. Naandika mara moja, watakaokuja wasome.

"Ni gemu, hawahisi kitu"

Tuingie chumbani kwanza. Kambi ya Creech iko jangwani Nevada, kama kilomita 70 kutoka Las Vegas. Ndani ya chumba kidogo chenye skrini ukuta mzima wanakaa wawili: rubani kushoto, mwendesha kamera kulia. Ndege yao, MQ-9 Reaper, iko upande mwingine wa dunia. Si kile kidude cha harusini mnachokijua. Mabawa yake ni mita 20 kutoka ncha hadi ncha, na ikibeba mafuta na silaha zake zote inakaribia tani 5.

Sehemu kubwa ya kazi ni kutazama. Unatazama ua wa nyumba moja, zamu baada ya zamu, mpaka unajua baba wa nyumba anaamka saa ngapi, watoto wanachezea upande gani na nani huja na pikipiki jioni. Ndipo siku moja amri inakuja. Rubani anavuta kifyatulio, naye mwendesha kamera anashikilia mwale wa leza juu ya shabaha mpaka kombora lifike. Kombora hilo, Hellfire, likitoka mbali linaweza kuchukua nusu dakika hewani. Hebu hesabu polepole mpaka thelathini, macho kwenye skrini, ukijua kwamba wakati wowote mtoto anaweza kuchomoza kwenye kona ya ukuta.

Rubani wa ndege ya kivita akishaachia bomu lake anageuza, anarudi kituoni. Wa Reaper habanduki. Anabaki juu pale pale kuhesabu waliolala na kuangalia nani anakuja kuwaokota. Kwenye kamera ya joto maiti haipotei kama adui wa gemu. Inapoa taratibu, mpaka inafanana rangi na udongo. Kwa macho, huyu aliye Nevada yuko karibu na huyo maiti kuliko mwenzake aliyepita juu kwa kasi. Kilicho mbali ni mwili wake tu.

Kisha zamu inaisha. Anashika barabara namba 95, taa za Las Vegas zinaonekana, nyumbani anaulizwa mbona maziwa hakununua. Aliyoyaona kutwa hawezi kuyasimulia, ni siri ya jeshi. Wengi waliozungumza hadharani wanarudia hilo hilo: aliyeko vitani anakula na wenzake, analala na wenzake, ana siku ya kurudi nyumbani. Wao wanaingia vitani na kutoka kila siku. Jeshi lenyewe liliona, likaweka makasisi na wanasaikolojia ndani ya vikosi hivyo, wenye kibali cha kusikia mambo ya siri.

Nikifika hapo darasa hugeuka kabisa: "Kumbe wote wamechanganyikiwa!" Nako si kweli, jamani. Mwaka 2013 watafiti wa afya wa jeshi la Marekani walilinganisha marubani 709 wa droni na zaidi ya 5,000 wa ndege za kawaida. Walipozingatia umri, muda kazini na mambo kama hayo, viwango vya maradhi ya akili havikupishana kwa maana. Mwaka uliofuata uchunguzi mwingine ulikuta dalili nzito za kiwewe kwa asilimia 4.3 ya warushaji. Wakiulizwa wenyewe kinachowamaliza, hutaja sana saa nyingi, zamu zinazohamahama kati ya usiku na mchana, na uchache wa watu. Yaani malalamiko ya nesi yeyote wa wodini.

Ushauri wangu kwa wacheza gemu, na hili nalilazimisha darasani: kaa saa mbili utazame video ya zizi la ng'ombe, andika kila kinachoingia na kutoka. Mpaka leo sijapata mcheza gemu aliyefika dakika ya arobaini bila kusinzia.

"Marubani wa kweli wanaidharau"

Hapa kuna ukweli nusu. Miaka ya 2000 wengi walitolewa kwenye ndege zao wakapelekwa kwenye droni bila kuomba, wakihofia hawatarudi tena kwenye chumba cha rubani. Walitaniwa kuwa wanajeshi wa viti. Mwaka 2008 waziri wa ulinzi Robert Gates alilalamika mbele ya maofisa wa jeshi la anga kwamba kupata droni zaidi vitani ilikuwa kazi kama ya kung'oa meno. Februari 2013 Leon Panetta, aliyemrithi Gates, alitangaza medali maalumu kwa watu wa droni na wa vita vya kompyuta, ikiwa na hadhi ya juu kuliko Bronze Star, medali ya vitani. Maveterani wakawaka: vipi asiyehatarisha shingo yake awe juu ya aliyepigwa risasi? Aprili mwaka huo huo waziri mpya, Chuck Hagel, akaifuta. Kilichokuja mwaka 2016 ni herufi R, ya "remote" yaani kwa mbali, ya kubandika juu ya medali nyingine.

Lakini siku hizi wapo maofisa walioanzia droni moja kwa moja, waliofunzwa kambi ya Randolph, Texas, kwa kazi hiyo na si nyingine. Hawa hawana ndege ya kuililia. Na askari wa miguu aliyezingirwa usiku, akasikia redioni kwamba kuna Reaper juu yake yenye mafuta ya saa nyingi, hamuulizi rubani amekalia kiti gani.

"Haina rubani, inajiamulia"

Hili kosa ni la lugha yetu. Tumeiita "ndege isiyo na rubani", jina likatudanganya. Wale wa Creech hata neno droni hawalipendi, wanasema ni ndege inayoongozwa kwa mbali. Nyuma ya kila shambulio kuna rubani, mwendesha kamera, wachambuzi wa picha, kamanda mwenye mamlaka, na mara nyingi mwanasheria. Rubani haamki akachagua wa kumpiga.

"Haikosei"

Kombora kwa kawaida hufika pale leza inapoelekezwa. Kukosea ni kwa anayesema pale pana nani. Februari 2010 huko Uruzgan, Afghanistan, wafanyakazi wa Predator, droni iliyoitangulia Reaper, waliokuwa Creech walifuatilia magari matatu kwa saa kadhaa, wakaripoti vibaya walichokiona. Helikopta zikapiga, wakafa raia wapatao 23. Agosti 29, 2021, Kabul, Reaper ilipiga gari jeupe aina ya Corolla. Vitu vilivyodhaniwa mabomu yaelekea vilikuwa madumu ya maji. Walikufa raia 10, watoto 7.

"Inapaa Marekani, inakuja kupiga Somalia"

Hapana. Inapaa jirani. Kwa eneo letu uwanja unaojulikana ni Chabelley, Djibouti, zilikohamishiwa mwaka 2013 kutoka Camp Lemonnier, kambi ya Marekani huko huko Djibouti. Sababu mojawapo ya kuwa karibu ni ile ninayowapigia kelele kila siku: ucheleweshaji. Amri ikipitia setilaiti mpaka ndege ijibu na picha irudi, sekunde moja au mbili zimekwenda. Angani si neno, ila kwenye kutua umeshaharibu. Kwa hiyo kwa miaka mingi kikosi kilichoko pale uwanjani kimekuwa kikipaisha na kutua kwa mawimbi ya moja kwa moja, katikati ndiyo Nevada inapokezwa.

Hata hivyo kutua ni mtihani. Nikirusha Caravan nilikuwa naisikia ndege kwa makalio: ikiyumba najua kabla sijatazama kipimo chochote. Hawa makalio yao yako kwenye kiti kisichotikisika, na macho yanaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija wa soda. Desemba 2011, kisha Aprili 2012, MQ-9 mbili ziliharibika zikijaribu kutua Mahé, Shelisheli.

Kijana wa miwani nilimpa droni ya mazoezi alasiri ile, nikamwekea picha inayochelewa sekunde moja tu na kumzuia asiitazame ndege kwa macho. Ikaishia juu ya mwembe, bibi wa jirani akatukopesha ngazi. Kijana akashuka na propela tatu, ya nne hatujaiona mpaka leo.