Marilyn mara hamsini, kwa macho ya mchapaji

Mchapaji wa fulana akisimama mbele ya Marilyn Diptych ya msanii wa Marekani Andy Warhol, wino ndio unaomvuta kwanza, sura baadaye. Kazi hiyo ya 1962 iko kwenye mkusanyiko wa jumba la sanaa la Tate, London: kanvasi mbili kubwa ubavu kwa ubavu, kila moja ina sura ya mwigizaji wa filamu Marilyn Monroe mara 25, kushoto kwa rangi kali, kulia kwa wino mweusi. Picha ni ileile, ya kuitangaza filamu ya Niagara ya 1953. Marilyn alifariki Agosti 1962. Wiki chache baadaye Warhol alikuwa ameshaanza kumchapa.

Itazame kanvasi ya kulia. Safu wima ya pili imelemewa wino hadi nywele na macho vimeshikana. Safu za mwisho zimepauka, na pale ukingoni sura karibu inatoweka. Hiyo ni tabia ya skrini ya kuchapia yenyewe. Wavu uliokazwa kwenye fremu hupakwa dawa inayoganda kwa mwanga. Penye weusi wa picha mwanga haupiti, dawa haigandi, ukiosha kwa maji vitundu vinabaki wazi. Unamwaga wino na kuukokota kwa kibao chenye ukingo wa mpira. Ukizidi, unatapakaa. Ukipungua au ukikaukia vitunduni, sura inapotea kidogo kila unapokokota. Fundi wa fulana angesimama aoshe wavu. Warhol, aliyekuwa mchoraji wa matangazo mwenye jina huko New York tangu miaka ya 1950, alijua vizuri chapa safi inavyokuwa, na akaziacha zile chafu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema alikuwa akishangilia matangazo tu. Kanvasi ile, kwangu, ni msiba. Nasi wachapaji wa fulana huchapa fulana za msiba: sura ya marehemu kifuani, mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki chini yake. Picha huletwa kwa WhatsApp ikiwa imeshapita simu nyingi, na kila ilipopita imebanwa ipungue uzito, hadi kope zimegeuka vijisanduku. Familia humtambua hata hivyo, kwa kuwa walimjua, na kumbukumbu zao hujazia kilichopotea. Marilyn sisi wengine tulimjua kwa picha peke yake. Picha ikipauka, hatuna cha kujazia.

Lakini suala la picha ni ya nani siwezi kulipita. Mwaka 1964 Warhol alichukua picha ya maua ya hibiskasi iliyopigwa na mpiga picha Patricia Caulfield, kutoka gazeti la Modern Photography, bila ruhusa, akaichapa. Caulfield alimshtaki mwaka 1966, na mwishowe wakapatana nje ya hukumu. Naona mama yule alikuwa na haki. Picha ya Marilyn studio ya filamu iliitoa ili isambae. Ile ya maua ilikuwa kazi ya mtu. Mteja akiniletea picha aliyoitoa mtandaoni, kabla sijagusa wavu namwuliza ni nani aliyeipiga.