Kufa ghafla sio kufa kwa ajali, na bima ya ajali haijali kifo kilikuja haraka kiasi gani

Kazi yangu ni madai ya bima, upande wa vifo na ulemavu wa ajali, na kuna sentensi moja nimeisikia tena wiki hii ikanitosha. "Alikuwa mzima kabisa, kaanguka ghafla, kafa, na ana bima ya ajali, sasa mbona hamlipi?" Familia inakuja na uchungu wake, imeshaambiwa na ndugu na marafiki kwamba hela ipo, wengine wameshakopa kwa ajili ya mazishi wakiitegemea, alafu mimi ndo naonekana mtu mbaya kwa kusoma kilichoandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.

Basi naiandika moja kwa moja. Mtu aliyekuwa anakula chakula cha usiku akashika kifua akaanguka, amekufa kwa moyo. Aliyelala vizuri asiamke, mara nyingi ni moyo au kiharusi. Presha iliyokuwa haijagunduliwa ni ugonjwa hata kama hakuna aliyejua. Kifo cha namna hiyo kinaumiza sana kwa sababu hakuna aliyejiandaa, ila bima ya ajali haiulizi kama mlijiandaa, inauliza nini kimemuua. Inataka kuwe na tukio la nje ya mwili, lisilotarajiwa na lisilokusudiwa, lililoujeruhi mwili, na jeraha hilo ndo liwe limeua, tena ndani ya muda uliotajwa. Mikataba mingi inasema siku 90, mingine 180, mingine 365 kuanzia siku ya ajali. Sharti moja likikosekana hakuna malipo, hata kama marehemu alilipa premiamu, yaani ada ya bima, miaka yote bila kuchelewa.

Na hii premiamu ndo mzizi wa kuchanganyikiwa. Watu wanaona kwa hela kidogo tu kwa mwezi wanapata kinga kubwa, hakuna kupimwa damu, hakuna kuulizwa sukari wala presha, wanajiambia wamepata bima ya maisha kwa bei rahisi. Jamani, hamjaulizwa kuhusu presha kwa sababu presha ikikuua hawalipi! Shirika la Afya Duniani linakadiria majeraha ya kila aina yanaua watu kama milioni 4.4 kwa mwaka, karibu asilimia 8 ya vifo vyote, na humo ndani wamehesabiwa pia waliojiua na waliouawa vitani. Sehemu kubwa sana iliyobaki ni magonjwa. Kwa hiyo umenunua kinga ya kipande kidogo cha njia ambazo binadamu anakufa, na bei inafanana na hicho kipande. Sio utapeli, ni bidhaa halali na ina kazi yake, hasa kwa kijana au mtu wa kazi za hatari ambaye akipoteza mkono maisha yanabadilika. Kinachoniudhi ni ajenti anayeiuza kwa maneno "ukifa familia inalipwa" alafu anaishia hapo. Hiyo sentensi imekatwa katikati, na nusu iliyobaki ndo familia inakuja kuisikia kwangu.

Kuna upande wa pili ambao nao watu hawaujui, na huu unawapotezea hela halali. Mtu aliyeuawa na majambazi, kwa mikataba mingi hiyo ni ajali, maana kwake yeye halikuwa jambo la kukusudia, ilimradi sio yeye aliyeanzisha ugomvi au aliyekuwa kwenye uhalifu. Nimeona familia hazileti dai kabisa kwa kudhani kuuawa sio ajali. Leteni.

Sasa nije kwenye sehemu inayonikosesha usingizi, maana hapo juu ni rahisi, ugonjwa upande huu na ajali upande ule. Shida ni vikikutana. Mtu mwenye kifafa anashikwa na degedege akiwa anavuka maji, anaanguka, anazama. Kimemuua kifafa au maji? Kesi kama hiyo ilifika mahakamani Uingereza mwaka 1880, inaitwa Winspear, na kampuni ilishindwa: kilichoua ni kuzama. Mwaka uliofuata ikaja ya Lawrence, mtu alipata degedege kwenye stesheni ya treni akaanguka relini, treni ikampitia. Mkataba wake ulikuwa mkali, ulitaka ajali iwe ndo sababu ya moja kwa moja na ya pekee. Bado mahakama ikasema treni ndo iliyoua, ile degedege ilimfikisha pale tu. Mwaka 1909 ikaja ya Etherington, huyu alianguka na farasi kwenye ardhi iliyolowa chapachapa, akarudi nyumbani amelowana, mwili ukadhoofika, akapata nimonia akafa. Nimonia ni ugonjwa, kila mtu anajua, lakini mahakama iliona imezaliwa na ile ajali kwa mfululizo usiokatika, kampuni ikalipa.

Nawatajia hizi kesi za kale kwa sababu hadi leo kuna maofisa wa madai wakiona tu neno kifafa au sukari kwenye faili wanaandika barua ya kukataa. Hapana! Kuwa na ugonjwa sio sawa na kufa kwa ugonjwa. Dereva mwenye presha ya miaka mingi akigongwa na lori, presha yake haina kazi kwenye hilo faili. Ila dereva aliyepata shtuko la moyo akiwa kwenye usukani, gari ikaacha njia ikagonga mti, hapo swali ni moja: je alikuwa ameshakufa gari ilipogonga, au kuna majeraha ya ajali yaliyommaliza? Jibu liko kwenye uchunguzi wa maiti, halipo kwenye ripoti ya askari wa barabarani wala kwa shahidi aliyekuwa amesimama mbali. Na hii ndo sababu nawaomba watu kila siku, kama kuna bima ya ajali na chanzo cha kifo kina utata, postmotamu ifanyike kabla ya kuzika. Najua kuna familia hazitaki kwa sababu za imani na naheshimu, lakini mjue bila hiyo karatasi mnakuja kubishana na kampuni mkiwa mikono mitupu, na mzigo wa kuonyesha kwamba ni ajali uko kwenu.

Alafu kuna wazee. Hapa nasema wazi kwamba sina msimamo uliotulia. Mama wa miaka 78 anateleza bafuni, anavunjika nyonga, analazwa, wiki kadhaa baadaye anafariki kitandani kwa nimonia au damu kuganda. Kuteleza ni ajali, hakuna ubishi. Lakini mifupa yake ilikuwa imeshachoka, kijana angeteleza hivyohivyo akainuka akaendelea na shughuli zake. Mkataba umeandikwa kifo kitokane na ajali "moja kwa moja na bila kuchangiwa na sababu nyingine yoyote". Ukiyasoma maneno hayo kama yalivyo hakuna mzee atakayelipwa duniani, maana kila mzee ana kitu mwilini, na kampuni ilikuwa inapokea premiamu yake ikijua ana umri huo. Mahakama nyingine zimeona hivyo, zikauliza tu kama ugonjwa ulichangia kwa kiwango kikubwa, nyingine zimeshika maneno ya mkataba bila huruma. Mimi naegemea upande wa kulipa kama mzee alikuwa anatembea na kujitegemea kabla ya kuanguka. Mwenzangu meza ya pili, mwenye uzoefu kuliko mimi, angekataa faili hilohilo, na sioni kwamba ni mtu mkatili. Vitabu vya mafunzo vinaonyesha kama kuna mstari hapo, mi miaka yote hii sijauona.

Kuna mkanganyiko mwingine, kati ya tendo la ajali na matokeo ya ajali. Mwaka 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza kesi ya Landress, mume alicheza gofu juani akapigwa na jua akafa. Walio wengi walisema alitoka mwenyewe kwa hiari, jua lilikuwa jua la kawaida, kwa hiyo hakuna chochote cha ajali kilichomfikia, hata kama kifo chenyewe hakikutarajiwa. Jaji Cardozo alipinga, akaonya kwamba kutenganisha hivyo kutaitumbukiza sheria kwenye kinamasi. Na imetumbukia kweli. Kwa mtu wa kawaida, ukitoka kucheza jua likakuua bila kutegemea, hiyo ni ajali, na mikataba mingi ya siku hizi imeachana na lugha ile ya zamani ya kutaka tendo lenyewe liwe la ajali. Ila sio yote, kwa hiyo angalia wa kwako umeandikaje.

Pombe nayo. Mikataba mingi inataja ulevi kwenye mambo yasiyolipwa, pamoja na kujiua, vita, dawa ambazo hukuandikiwa na daktari, kufanya uhalifu, kuruka na ndege kama sio abiria, mashindano ya magari. Hayo yasome mwenyewe, ni ukurasa mmoja. Ninachopinga ni kampuni ambayo haikuandika pombe popote alafu inasema "mlevi anayeendesha anatakiwa kutegemea kufa, kwa hiyo sio ajali". Hoja hiyo Marekani inaegemezwa kwenye kesi ya Wickman ya 1990, ya mtu aliyepanda nje ya kingo za daraja akawa ananing'inia kwa mkono mmoja akadondoka. Mahakama ikauliza kama mtu mwenye akili timamu angeona kuumia ni jambo lenye uwezekano mkubwa sana wa kutokea, ikasema ndiyo. Kwa yule wa darajani sawa, naelewa. Kwa mlevi kwenye gari, mahakama zenyewe zimegawanyika. Kuendesha umelewa ni kosa kubwa na kunaua wasio na hatia, lakini wanaofanya hivyo wengi wanafika nyumbani, kwa hiyo huwezi kusema kifo kilikuwa na uwezekano mkubwa kiasi hicho. Ukitaka kuondoa pombe, iandike watu waisome kabla ya kulipa.

Upande wa viungo nitakwenda haraka. Kuna jedwali. Uhai ni asilimia 100 ya kiasi cha bima, mikono miwili au miguu miwili au macho yote 100, mkono mmoja na mguu mmoja 100, mkono mmoja au mguu mmoja au jicho moja 50, kidole gumba na cha shahada vya mkono mmoja kwa pamoja mara nyingi 25. Ajali moja haizidi 100 hata ukipoteza vingapi. Kinachowashangaza watu ni kwamba kwa mikataba mingi kupoteza mkono maana yake umekatika, kwenye kifundo au juu yake. Mkono uliopondwa ukabaki unaning'inia hauna nguvu, haujakatika, na hapo utalipwa tu kama mkataba una kipengele cha kupooza au kupoteza matumizi. Kuvunjika peke yake hakumo, kidole kidogo peke yake mara nyingi hakimo. Na jicho ni kupoteza kuona kabisa bila matumaini ya kurudi, kuona ukungu hakuhesabiki. Naiona ni kali mno, hasa ya mkono, fundi asiyeweza kushika nyundo hana tofauti na asiye na mkono, na ningekuwa nanunua leo hicho ndo kipengele cha kwanza ningekitafuta, kabla hata ya kuangalia kiasi.

Kama bima umepewa kazini, ukiacha kazi kwa kawaida inaisha, na kwa mikataba mingi kiasi kinapunguzwa ukifika umri fulani, mara nyingi 65 au 70. Jina la mrithi lihakikishe, hasa kama umeoa au umeachana tangu ujaze ile fomu.

Na kama dai limekataliwa, usirudi kugombana kaunta. Omba barua inayotaja kifungu gani kimetumika na ushahidi gani umetegemewa. Ikiwa imeandikwa "ugonjwa umechangia", uliza nani amesema hivyo, daktari aliyeuona mwili au daktari wa kampuni aliyesoma faili tu. Chukua ripoti ya postmotamu, mtafute daktari akusomee ule mstari wa chanzo cha kifo na ile ya magonjwa mengine yaliyokuwepo, maana ni mistari tofauti kwenye fomu na maofisa wanaichanganya. Ukikuta chanzo ni jeraha na ugonjwa uko kwenye ule mstari wa pili, andika rufaa ndani ya muda uliotajwa kwenye barua na uambatanishe ukurasa huo.