Ukigonga kiwiko sio mfupa, wala sio mshipa wa damu

Ile shoti unayoipata ukigonga kiwiko kwenye kona ya meza, watu wanasema eti ni mfupa, wengine eti mshipa wa damu umeshtuka, hapana jamani. Shida neno mshipa tunalibebesha kila kitu, damu humo, fahamu humo. Kinachogongwa ni neva ya alna, yaani mshipa wa fahamu wa mkono, inapita nyuma ya kile kinundu cha upande wa ndani wa kiwiko na juu yake ni kama ngozi tupu, ndo maana ganzi inakimbilia kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, dole gumba wala halina habari. Ateri kubwa yenyewe, yaani huo mshipa wa damu, iko mbele, kwenye mkunjo, nyoosha mkono ubonyeze utaisikia inadunda.