Leseni ya baa si ruhusa ya kumuuzia kila mwenye pesa

Kuanzia Likoni hadi Bamburi, hapa Mombasa, utasikia kauli hii: maadamu leseni imetundikwa ukutani na ushuru wa kaunti umelipwa, mwenye baa hana lawama. Mnywaji akilewa akaleta fujo, ni shauri yake.

Sivyo. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, inambebesha mwenye leseni wajibu kila siku anayofungua mlango. Haruhusiwi kuacha ulevi na vurugu viendelee ndani. Mgomvi aliyelewa anaweza kuzuiwa kuingia, na akiwa ndani ni lazima atolewe. Kwa hiyo mhudumu anayekataa kumwongezea chupa mtu asiyeweza hata kusimama hamkosei adabu mteja. Analinda leseni ya tajiri wake, na huenda anaokoa maisha barabarani.

Linaloniuma zaidi ni watoto. “Katumwa na babake” si hoja. Kumuuzia au kumpa pombe aliye chini ya miaka 18 ni kosa, na adhabu yake hufika faini ya shilingi 150,000, kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Ukimtilia shaka mnunuzi, mwombe kitambulisho, hata kama unawajua wazazi wake mtaani. Hasa ukiwajua.

Saa za kuuza nazo zimo kwenye masharti ya leseni. Zisome.