Saa za majira ya joto: ni nini, na kwa nini Ulaya bado haijaziacha

Kila Jumapili dada yangu aliye London humpigia simu mama yetu Mombasa. Tangu mwisho wa Oktoba hadi Machi, simu hiyo hulia saa mbili usiku, mama ameshaswali isha. Ikifika Jumapili ya mwisho ya Machi inalia saa moja, na mama bado yuko juu ya mswala anavuta uradi. Dada hakubadili kitu: amepiga saa kumi na moja jioni ya kwao, kama siku zote. Iliyobadilika ni saa ya Uingereza yenyewe. Wapenzi wa mpira wanalijua hili vizuri, maana mechi ileile ya Jumamosi alasiri huonekana kwetu saa kumi na mbili jioni kule kukiwa na baridi, na saa kumi na moja kukiwa na joto.

Hizo ndizo saa za majira ya joto. Kwa sheria, nchi nzima inasogeza akrabu mbele kwa saa moja mwezi Machi, kisha inazirudisha Oktoba kwenye saa za kawaida. London ikigonga saa saba usiku, papo hapo inahesabiwa saa nane. Jua liko palepale. Watu ndio wanaoamka mapema zaidi, na mwanga ambao ungepotea wamelala wanaukuta jioni wakitoka kazini. Oktoba mambo hugeuka: saa nane inarudi kuwa saa saba, na muuguzi wa zamu ya usiku anaipitia saa ileile mara mbili.

Kwetu jambo hili halina kazi. Nairobi urefu wa mchana haubadiliki hata kwa robo saa mwaka mzima, ndiyo maana tunaweza kuhesabu saa kwa jua: likichomoza ni saa kumi na mbili, au karibu na hapo. London ni habari nyingine. Mwezi Juni mchana unapita saa 16 na nusu, Desemba hautimizi hata saa 8. Bila kusogeza akrabu, jua la Juni lingechomoza kabla ya saa kumi alfajiri, mji mzima umelala.

Hilo ndilo lililomkera William Willett, mjenzi wa nyumba wa Uingereza aliyependa kupanda farasi asubuhi. Aliona jua limeshapanda na mapazia ya watu bado yamefungwa. Mwaka 1907 alichapisha kijitabu akitaka saa zisogezwe, akalipigania wazo hilo hadi alipofariki mwaka 1915 bila kuliona likikubaliwa. Mwaka uliofuata, katikati ya vita, Ujerumani ililitekeleza tarehe 30 Aprili ili kuokoa makaa ya mawe, na Uingereza ikafuata wiki tatu baadaye.

Leo akiba hiyo ya nishati ni ndogo mno, kwa kuwa taa si tena mlaji mkubwa wa umeme. Usumbufu ndio umebaki: usingizi unakatika, na tafiti kadhaa zimeona ajali za barabarani zikiongezeka siku chache baada ya badiliko la Machi. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliwauliza wananchi wake. Majibu yakafika milioni 4.6, na asilimia 84 wakataka mtindo huu ufutwe. Tarehe 26 Machi 2019 Bunge la Ulaya likapiga kura 410 dhidi ya 192 kuufuta ifikapo 2021. Mwaka huo ukapita, akrabu zikaendelea kusogezwa.

Kilichokwamisha ni swali ambalo neno "kufuta" linalificha: ukishaacha kubadilisha, unabaki na saa ipi? Ukibaki na ya majira ya joto, katika mji wa Vigo, magharibi ya Hispania, jua la Desemba litachomoza saa nne asubuhi. Ukibaki na ya kawaida, huko Warsaw, mji mkuu wa Poland, jua litachomoza saa tisa na robo usiku mwezi Juni. Nchi wanachama hazijakubaliana.

Marekani ilishajaribu njia ya kwanza. Januari 1974, wakati wa uhaba wa mafuta, ilisogeza akrabu mbele ikikusudia kukaa hivyo mfululizo. Watoto wakawa wanakwenda shule gizani, wazazi wakalalamika, na kabla mwaka haujaisha Bunge lilikuwa limerudisha saa za kawaida kwa miezi ya baridi. Urusi nayo ilibaki na saa za joto mwaka 2011, ikachoshwa na asubuhi za giza, ikahamia za kawaida moja kwa moja mwaka 2014.

Kwangu mimi mifano hiyo miwili inatosha: mtindo huu ufutwe, na zibaki saa za kawaida. Ndivyo wanavyoshauri pia madaktari wengi wa usingizi, kwa kuwa mwanga wa asubuhi ndio unaoamsha mwili na kuupangia saa ya kulala. Watu wa Warsaw wanaweza kushusha pazia mwezi Juni. Mtoto wa Vigo anayeingia darasani saa tatu asubuhi mwezi Desemba hana pazia la kuondoa giza.