Je, wajua kwa nini nanga ya ardhini isiyorefuka vya kutosha hukataliwa?

Ukichungulia shimo la msingi wa jengo refu mjini, huenda ukaona vichwa vya chuma vimejipanga kwenye ukuta unaozuia udongo. Hizo ni nanga za ardhini. Nyuma ya kila kichwa kuna nyaya za chuma zilizopitishwa kwenye tundu lililochorongwa kimshazari. Upande wa ndani kabisa nyaya zimeshikwa na saruji. Upande wa mbele zimevalishwa mirija ya plastiki yenye grisi, ili zivutike bila kushikana na udongo.

Nanga hizi hupimwa palepale zilipo, tena zote, si za mfano tu. Kwa utaratibu uliozoeleka Marekani, jeki ya haidroli huivuta kila nanga hatua kwa hatua hadi asilimia 133 ya mzigo iliyosanifiwa kuubeba, kisha mzigo hushikiliwa. Kati ya dakika ya 1 na ya 10 haitakiwi kusogea zaidi ya milimita 1. Ikizidi, kipimo huendelea hadi dakika ya 60. Geji, yaani kifaa kinachopima kusogea huko, husimama kwa miguu yake yenyewe, bila kugusa ukuta, maana ukuta nao hubonyea jeki ikiusukuma.

Wengi hudhani nanga bora ni ile inayosogea kidogo kabisa hata mzigo unapopandishwa. Sivyo. Waya wenye eneo la milimita 140 za mraba na sehemu huru (ile iliyovalishwa mrija) ya mita 10, ukivutwa kwa kilonyutoni 150 (kama tani 15), lazima urefuke takribani milimita 55. Kanuni hudai angalau asilimia 80 ya hapo, yaani milimita 44. Geji ikisoma 30, huenda mrija ulipasuka, saruji ikapenya, na waya ukashikwa karibu na ukuta.

Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa udongo wa karibu na ukuta ndio unaotaka kuporomoka. Nanga iliyoshika humo ni mashua iliyofungwa kwenye gogo linaloelea. Na jeki haitakuonya: mzigo wote utabebwa vizuri tu siku ya kipimo. Kwa maoni yangu, hakuna tarakimu ya kusomwa kwa makini kwenye fomu ya upimaji kuliko hiyo ya kurefuka.

Nanga iliyofaulu hufungwa kwa kabari za chuma. Baadaye jeki yaweza kurudishwa kuinua kichwa chake kidogo, ijulikane ni mzigo kiasi gani umebaki.